CHACHU SI HAMIRA: MKATE ULIOUMULIWA KWA TEMBO MAMBRUI NA TATIZO LA MFASIRI

Nchini Marekani kuna aina ya mkate ambao mwanzo wake haupatikani dukani. Huanza kwa kikombe cha rojo la unga lililochacha, ambalo jirani au rafiki huleta mlangoni pamoja na karatasi ya maelekezo. Aliyepokea huliacha rojo hilo mezani, nje ya jokofu, na kulikoroga kila siku. Siku ya sita hulilisha kikombe kimoja cha unga, kimoja cha sukari na kimoja cha maziwa. Siku ya kumi hulilisha tena, kisha huligawa: sehemu moja huokea mkate wake, na zilizosalia, aghalabu tatu au nne, huwapelekea watu wengine, ambao nao hutarajiwa kufanya vivyo hivyo. Mkate huo hujulikana kwa jina la Mkate wa Urafiki wa Waamishi. Una ndugu yake wa matunda: vipande vya pichi, mananasi na cheri hutiwa sukari katika chupa kubwa ya kioo, vikaongezwa kwa awamu katika muda wa siku 30. Mwishowe matunda huingia katika keki, ilhali maji yake yaliyochacha hugawiwa marafiki ili kila mmoja aanzishe chupa yake mwenyewe.

Waamishi ni Wakristo waliojitenga na wenzao wa madhehebu ya Anabaptisti mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, na ambao wazao wao wanaishi hasa katika majimbo ya Pennsylvania, Ohio na Indiana. Uhusiano wao na mkate huu ni mdogo kuliko jina linavyodai. Mkate wenyewe ulienea miongoni mwa Wamarekani wa kawaida katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na jina la Waamishi huenda lilipachikwa kwa sababu linanukia shamba na mambo ya kale, kama vile mfanyabiashara wa Nairobi anavyoweza kuviita viungo vyake “vya Unguja” ili vipate wanunuzi.

Mwanafunzi wa tafsiri akipewa karatasi hiyo ya maelekezo aitie katika Kiswahili, hatatatizwa na unga, sukari wala maziwa. Atakwama kwenye kile kikombe cha kwanza. Je, akiite hamira? Msomaji wake ataelekea dukani kununua pakiti. Akiite chachu? Msomaji aliyelelewa na magazeti atafikiri juu ya “chachu ya maendeleo” na “chachu ya mabadiliko”, kwa kuwa huko ndiko neno hilo linakoishi siku hizi. Akiite kianzio? Hilo ni neno la karatasi tupu, halijawahi kugusa unga. Makala haya yanashikilia kwamba neno linalofaa ni chachu, kwamba chachu na hamira si visawe japo kamusi nyingi hufafanua moja kwa kutumia jingine, na kwamba tofauti yake haionekani katika kamusi bali katika jiko la pwani. Kielelezo kitakachotumiwa ni Mambrui, mji mkongwe ulio kaskazini ya Malindi, ng’ambo ya mdomo wa mto Sabaki.

Mji, nafaka na mnazi

Mambrui ni mji wa Waswahili ambao umri wake unathibitishwa na magofu yake, likiwemo kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walichimbua huko sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424. Habari hizo zimeandikwa sana. Zinazoandikwa kidogo ni habari za chakula, na hali ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 Mambrui na Malindi zilikuwa ghala la nafaka la pwani nzima. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani katika pwani ya Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi mashamba ya eneo hili yalivyozalisha mtama na ufuta kwa wingi na kuusafirisha hadi Arabuni, kwa jasho la watumwa. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Kwa hiyo, mkate wa kale wa upande huu haukuwa wa ngano. Ulikuwa wa mtama na wa mchele. Mkate wa mofa, unaookwa kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo liitwalo mofa, asili yake ni mtama. Jamaa yake yuko Somalia kwa jina la muufo, na jina hilo moja linatosha kumwonyesha mwanafunzi wa isimu njia ambayo majahazi yalipita. Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, ni wa mchele. Vitumbua na vibibi pia ni vya mchele.

Jambo hili ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Ngano ina utomvu unaonata, ambao ukikandwa hufanya nyuzi zinazonyumbuka na kushika hewa ndani ya donge. Mchele na mtama havina nyuzi hizo. Mtu anaweza kukanda unga wa mchele tangu alfajiri hadi adhuhuri asipate donge linaloumuka kama la ngano. Ndiyo maana mkate wa mchele haukandwi bali humiminwa: mchele hurowekwa, husagwa, huchanganywa na tui la nazi hadi uwe rojo zito, na uzito huo wa rojo ndio unaozuia mapovu yasipasuke mapema. Jina “mkate wa kumimina” kwa hakika ni maelezo ya kisayansi yaliyofupishwa kuwa maneno matatu. Rojo la aina hiyo linahitaji kiumuzi chenye nguvu na cha majimaji, kinachoweza kutawanyika ndani yake mara moja. Kitu hicho kilikuwa juu ya mnazi.

Tembo na mgema

Mwanafunzi wa bara anayesikia kwamba zamani mkate ulitiwa tembo anaweza kusamehewa akicheka. Tembo linalozungumziwa hapa halina mkonga. Ni utomvu wa mnazi. Katika Kenya mnyama huitwa zaidi ndovu, na kinywaji chenyewe siku hizi huitwa mnazi, jina la mti wake, kiasi kwamba neno tembo kwa maana ya kinywaji limebaki hasa katika methali na katika vinywa vya wazee.

Mgema hupanda mnazi kwa vidato vilivyochongwa shinani hadi juu, akachagua karara ambalo bado halijapasuka na kutoa maua. Hulifunga ili lisifunguke, akalikata ncha kwa kotama, kisu chake kipana kilichopinda, na kulitungikia kibuyu. Kila asubuhi na jioni hurudi kulikata tena ncha kidogo ili jeraha lisifunge, na kuteremsha utomvu uliodondoka. Unapodondoka, utomvu ni mtamu na hauna kileo. Lakini haukai hivyo. Viini vya uchachushaji vimo hewani, kwenye maua, kwenye miguu ya nyuki, na zaidi ya pote vimo ndani ya kibuyu, kwa kuwa kibuyu cha jana hakisuguliwi kikatakata. Mashapo yaliyoganda ndani yake hupokea utomvu wa leo na kuuanza kazi ukiwa ungali unadondoka. Baada ya saa chache katika joto la pwani, tembo tamu limekuwa tembo kali. Likiachwa siku kadhaa, linakuwa siki.

Hapa ndipo kilipo kile kikombe cha Wamarekani. Chachu iliyokuwa ikiendelezwa pwani haikutunzwa na mwoka mkate. Ilitunzwa na mgema, bila ya yeye kuiita hivyo, ndani ya kibuyu ambacho kila siku kilibakiza kidogo cha jana kwa ajili ya leo. Mwoka mkate alichofanya ni kuchota kutoka kwenye mkondo huo. Alitia tembo katika rojo la mchele na tui, akafunika chungu kwa kitambaa, akakiweka mahali penye joto. Rojo lilipoumuka na kutokwa na mapovu juu, alitia sukari na iliki, akalimimina katika sufuria au sinia lililopakwa mafuta na kulipika kwa moto wa chini na makaa juu ya kifuniko. Mashapo ya tembo yalikuwa na nguvu kuliko tembo lenyewe, maana viini huzama chini.

Pwani haikuwa peke yake katika jambo hili. Katika Kerala na Sri Lanka tembo la mnazi huumua rojo la mchele linalotengenezwa apamu, chapati nyembamba ya duara ambayo mla vibibi hahitaji kutambulishwa nayo. Goa walilitia katika mikate ya ngano waliyofunzwa na Wareno. Inhambane, kusini mwa Msumbiji, kuna mkate mashuhuri uumuliwao kwa tembo la mnazi, ambalo huko huitwa sura. Palipokuwa na minazi na nafaka, na mtu mwenye subira ya kufunika chungu, maarifa haya yalijitokeza au yalipokelewa. Si rahisi kusema nani alimfunza nani, na huenda swali hilo si la maana sana.

Lenye maana zaidi ni mahusiano ya watu. Waswahili wa Mambrui ni Waislamu. Wagema wa eneo hili wengi wao walikuwa, na wangali, Wagiriama. Historia ya makundi haya mawili si ya urafiki mtupu. Mashamba yaliyotajwa hapo juu, madai ya ardhi baada ya utumwa, na amri ya serikali ya kikoloni ya mwaka 1914 ya kuwahamisha Wagiriama kutoka kaskazini ya Sabaki, amri iliyohusiana na upinzani wao wa mwaka huo, yote hayo yameacha makovu. Hata minazi yenyewe imekuwa chanzo cha ugomvi: kitabu cha David Parkin cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa Kaloleni kinaeleza jinsi biashara ya mnazi na tembo ilivyozusha mashindano ya kumiliki miti na ardhi hata baina ya jamaa. Hata hivyo, mkate wa asubuhi wa mjini uliumuka kwa kibuyu cha mgema. Hakuna haja ya kuupamba uhusiano huo kwa neno “urafiki”. Ulikuwa wa kuuziana na kuhitajiana, nao ulidumu.

Katika mwanga huo methali ya mgema asifiwaye, kwamba tembo hulitia maji, inapata maana ya pili. Walimu huifundisha kama onyo dhidi ya sifa nyingi, na hivyo ndivyo ilivyo. Lakini anayeonja tembo lililotiwa maji huenda asitambue mara moja, hasa akiwa katika kikombe cha tatu. Rojo la mchele halidanganyiki: tembo likiwa limetiwa maji, haliumuki, na mwenye chungu hugundua kabla ya jua kuchomoza. Yumkini hakuna mpimaji mkali wa kazi ya mgema kumpita mwoka mikate.

Jamaa ya neno chachu

Neno chachu linatokana na kitenzi chacha, na jamaa ya kitenzi hicho ni kubwa. Chakula kilichochacha kimeharibika. Tembo lililochacha limekolea. Bahari ikichacha imechafuka na mawimbi yake ni makubwa. Vita vikichacha vimefika kileleni. Mtu aliyechachamaa amepandwa na hasira na hashikiki. Kuna pia kivumishi -chachu, kinachosema juu ya ladha ya chungwa bichi, na nomino uchachu. Wanasayansi wa Kiswahili walipotafuta istilahi ya kazi inayofanywa na viini hivi, waliona kitenzi hiki kinafaa, wakaunda uchachushaji.

Kinachounganisha maana hizo zote ni hali ya kitu kutoka katika utulivu wake kwa nguvu iliyomo ndani yake. Hakuna upepo unaouchachisha wali uliolala, umechacha wenyewe. Pia katika jamaa hii kuharibika na kukomaa ni tendo moja. Wali uliochacha hutupwa, rojo lililochacha huokwa, na tofauti ni kwamba la pili lilikusudiwa. Mtu anayelea chachu hufanya kazi katika mpaka huo mwembamba: akiwahi, mkate unakuwa jiwe; akichelewa, unakuwa siki. Sayansi inaafiki. Viini vya hamira hula sukari na kutoa hewa ya kaboni na kileo. Bakteria wanaoishi navyo hutoa asidi, ambayo ndiyo ule ukali wa ulimi. Louis Pasteur, katika utafiti alioanza kuuchapisha mwaka 1857, ndiye aliyethibitisha kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai.

Hapo mtu anaweza kurudi kwenye ile “chachu ya maendeleo” ya magazeti. Ni sitiari iliyochakaa hadi imekuwa ganda. Waandishi wake humaanisha kichocheo, kitu kinachotiwa kutoka nje, kidogo, kikaharakisha mambo. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba katika Injili ya Mathayo chachu hutumiwa kwa maana mbili zinazopingana: katika sura ya 13 ni mfano wa ufalme wa mbinguni, na katika sura ya 16 ni mafundisho potovu ya kujihadhari nayo. Mpinzano huo unamshangaza tu asiyewahi kufunika chungu. Aliyefanya hivyo anajua kwamba chachu ni ileile, na kwamba huenea bila kuuliza inaenea katika nini. Mwalimu wa fasihi anayetaka wanafunzi wake waipime sitiari hii angefanya vyema kuwapa kwanza bakuli la rojo na siku mbili za kungoja.

Hamira na tatizo la kileo

Hamira ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo limekuja na ukoo wake. Mzizi wake ni ule uliozaa khamri, yaani kileo, na khimari, shela inayofunika kichwa cha mwanamke. Wanalugha wa Kiarabu huunganisha maana hizo kwa dhana ya kufunika: shela hufunika kichwa, kileo hufunika akili, na donge la unga hufunikwa ili liumuke. Kutokana na mzizi huohuo Kiswahili cha pwani kina mahamri, ambayo katika vinywa vya wengi ni mamri, na ambayo huliwa asubuhi kwa mbaazi za nazi kutoka Lamu hadi Vanga. Katika nchi za Ghuba kuna mkate uitwao khamiri, ambao hauna umbo la mahamri lakini una jina la baba mmoja.

Hivyo lugha yenyewe inaweka mkate na kileo chini ya paa moja, na hapo ndipo mwoka mkate wa Mambrui alipokuwa na tatizo la kweli. Waislamu wa pwani wengi wanafuata madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo kilevi ni haramu kwa wingi wake na kwa uchache wake, na tena ni najisi. Tembo tamu, lililoteremshwa sasa hivi, halina neno. Siki nayo ni halali iwapo kileo kimegeuka chenyewe bila kutiwa kitu cha kukigeuza. Lakini tembo lenye nguvu ya kuumua unga ni lile lililo katikati ya hali hizo mbili, yaani wakati uleule ambapo limeacha kuwa halali kwa utamu na halijawa halali kwa ukali. Mwoka mkate alihitaji saa ambayo fakihi aliikataza.

Mtetezi wa mkate angeweza kujibu kwamba kileo huchemka katika nyuzi 78 hivi za selsiasi na kwamba sehemu kubwa yake huondoka jikoni. Jibu hilo ni zuri kwa mwanakemia. Halimtoshelezi anayeona kwamba kilichotiwa kilikuwa najisi kabla ya moto. Mtu angeweza pia kutumia tembo bichi na kuliacha lichache ndani ya rojo lenyewe, asiwe amenunua kileo wala kukitia. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho la nje, lakini kwa mwenye imani yake ni tofauti kati ya mkate na dhambi, na haifai mtafiti kuipuuza kwa kuiona kama hila.

Mwisho wa mvutano huu haukuletwa na hoja bali na bidhaa. Hamira kavu, iliyosindikwa kwa namna inayodumu bila ubaridi, iliundwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili na kampuni ya Fleischmann, na katika miongo iliyofuata hamira za namna hiyo zikafika katika maduka ya ulimwengu mzima, kwa makopo na kisha kwa pakiti. Kwa mji kama Mambrui faida zake zilikuwa wazi. Hamira ya kopo haikuwa na shaka ya kidini, haikuhitaji mgema, na haikubadilika nguvu kati ya kaskazi na kusi. Unga wa ngano nao ulikuwa umeenea, na mahamri yakaupiku mkate wa mofa. Ni vigumu kumlaumu yeyote kwa kuchagua hivyo. Hata mkate wa kumimina wenyewe ulinusurika kwa sababu ulipata kiumuzi kipya. Ungebaki na tembo pekee, huenda ungepotea katika nyumba nyingi za wachaji Mungu.

Lakini neno hamira lilipokaa juu ya kopo, lilibadilika. Katika Kiarabu khamira ilikuwa, na kwa wengi ingali, hata lile donge la jana lililowekwa kando kuumulia unga wa leo. Katika Kiswahili cha leo hamira ni chembe kavu zenye chapa na tarehe ya kuharibika. Hununuliwa, hutumiwa, huisha. Haina jana. Tofauti kati ya maneno haya mawili, basi, si ya Kibantu na Kiarabu, kama inavyopenda kusemwa kila mara jozi ya namna hii inapojitokeza. Ni tofauti ya kitu kinachoishi kwa kulelewa na kitu kinachoishi kwa kununuliwa upya.

Nani humpa nani

Itakuwa kosa kudai kwamba Mambrui walikuwa na mkate wa urafiki kama ule wa Marekani. Huko kinachozunguka ni chachu. Mkate kila mtu huoka na kula kwake. Pwani kinachozunguka ni mkate. Sahani ya mkate wa kumimina hupelekwa kwa jirani ikiwa imefunikwa kawa, na desturi inajulikana kwamba sahani hairudi tupu. Katika Ramadhani mzunguko huo huwa wa kila magharibi, na siku za Maulidi, ambazo Mambrui hupokea wageni wengi, hupanuka ukawa wa mji mzima. Kuna pia kikoa, ule utaratibu wa watu kula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, ambao kimantiki uko karibu sana na karatasi ya Kimarekani: kila anayepokea anadaiwa zamu.

Ikitafutwa Afrika Mashariki chachu yenyewe inayohifadhiwa na kupewana, mfano wa karibu zaidi hauko pwani bali kwa Wakikuyu na Wakamba, nao ni wa tunda. Mti ambao Kiswahili huuita mwegea au mvungunya huzaa matunda marefu mazito yasiyolika. Matunda hayo hupasuliwa, hukaushwa, kisha hulowekwa katika maji ya asali au miwa hadi yakashikwa na viini vya uchachushaji. Baada ya kinywaji kuiva, matunda hutolewa, hukaushwa tena juani na kuwekwa kwa ajili ya mara nyingine. Viini hulala ndani ya nyuzi za tunda kavu na kuamka wakitiwa majini. Kinywaji hicho ni muratina, na tunda lililokwisha kufanya kazi lina thamani kuliko bichi, kwa kuwa ndilo linalojua kazi. Mzee asiye nalo humwendea mwenye nalo. Kwa hiyo ile chupa ya pichi na mananasi ina mwenzake huku, ila mwenzake ni mkavu na hutundikwa.

Kuna jambo moja la kuchekesha katika mkate wa Waamishi ambalo linafaa kusemwa kabla ya kumrudia mfasiri. Maelekezo yake ya kawaida humtaka mwokaji atie, pamoja na lile rojo lililolelewa siku kumi, beking pauda na magadi. Hivyo ndivyo hasa vinavyouumua mkate. Katika keki ya matunda pia, kinachoiinua kwa kawaida ni pauda. Chachu iliyobembelezwa, ikalishwa na kupelekwa milangoni inachangia ladha kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kupewana. Mgema wa Mambrui na mpika muratina wangeshangaa, kwa kuwa kwao kisichoumua wala kuchachisha hakina sababu ya kutunzwa.

Hata hivyo neno la Kiswahili kwa ajili ya rojo hilo ni chachu, kwa sababu lina jana, linalelewa na linaweza kuharibika. Kitenzi cha kulitunza ni kulea, au kulisha pale maelekezo yanapotaja vikombe vya unga na sukari. Kamusi ingeweza kuandika: chachu, kitu kilichochachuka kinachowekwa ili kuchachusha kingine cha jinsi yake, hamira, chachu iliyokaushwa au kusindikwa na kuuzwa. Katika kitomeo cha tembo ingefaa iongezwe, baada ya kinywaji, kwamba hutumiwa pia kuumulia unga. Na kotama, karara na mashapo visiachwe vizeeke bila mifano ya matumizi. Kuhusu ile amri ya siku ya kumi, inayoagiza kwamba rojo ligawanywe na wapewe wengine, mfasiri hana haja ya kuunda chochote. Wenye kukanda na kuoka wana kitenzi cha kukata sehemu ya donge na kumpa mwingine, nalo donge lililobaki likaendelea kuwa donge. Ataandika: siku ya kumi, mmegee jirani chachu.